Homa ya ini aina ya C kwa mwanamume anayetumia ARV: je, huambukizwa kwa ngono?

Mkazi wa Nyalenda (mwuliza swali)

Hamjambo nyote. Ninaandika kutoka Kisumu, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu, kwa kuwa jambo hili sijamweleza mtu yeyote ana kwa ana.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39. Nilijua kwamba ninaishi na VVU mwaka 2014, nikaanza dawa mwaka huohuo, na tangu nilipobadilishiwa nikapewa kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, siku nilizokosa kumeza ni za kuhesabika. Kila ninapopimwa wingi wa virusi, jibu ni lilelile: havionekani. Chupa yangu huwa naishindilia pamba juu ya vidonge ili isipige kelele mkobani nikiwa kwenye matatu, lakini vidonge vyenyewe nimevizoea kama chai ya asubuhi.

Nina rafiki, mwanamume mwenzangu, ambaye tumekuwa pamoja kwa vipindi tangu mwaka 2017. Anafanya kazi Berlin. Yeye pia anaishi na VVU na virusi vyake havionekani, na kwa sababu hiyo tuliacha mipira kitambo, kwani tulipiga hesabu tukaona hakuna wa kumwambukiza mwenzake. Mwezi wa Desemba alikuja nyumbani akakaa wiki tatu, na Krismasi tukaila pamoja. Mwishoni mwa Januari aliniandikia kwamba amepimwa huko na kukutwa na homa ya ini aina ya C, na kwamba daktari wake amemwagiza awaarifu wote aliokutana nao kimwili katika miezi iliyotangulia.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kliniki. Sikueleza kisa chote. Nilisema tu kwamba ninahisi uchovu na ningependa ini langu lipimwe. Karatasi ya majibu ninayo hapa mezani: ALT, kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini limeumia, ni 238, na mhudumu ameizungushia kalamu nyekundu mara mbili hadi karatasi imekaribia kutoboka. Mwezi wa Agosti ilikuwa 31. Aliniuliza kama ninakunywa chang'aa. Mimi sinywi pombe kabisa, nikamwambia hivyo, naye akaandika "apunguze pombe" na kuniruhusu niende. Kabla ya kutoka nilijikaza nikaomba kipimo cha haraka cha homa ya ini ya C, kile cha tone la damu ya kidoleni. Kikaonyesha mstari mmoja tu, nikaambiwa sina.

Kila ninaposoma naona kwamba ugonjwa huu ni wa sindano na wa kuongezewa damu, na mimi sijawahi kujidunga wala kuongezewa damu. Je, kweli unaweza kupita kwa ngono? Kama kipimo kimesema sina, ini linalalamikia nini? Na hizi dawa ninazomeza kila siku kwa uaminifu, hazinilindi? Ninamwomba anayejua anijibu bila kunihukumu.

Tabibu wa Nakuru

Ndugu yangu, pole, na ahsante kwa kueleza kwa uwazi, maana maelezo yako ndiyo yanayoniwezesha kukujibu. Mimi ni afisa wa tiba na nimehudumu katika kliniki za VVU hapa Nakuru kwa miaka kumi na mmoja.

Nitaanza na kipimo, kwa sababu hapo ndipo penye haraka. Kile kipimo cha kidole hakitafuti kirusi; kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Kwa watu wengi askari hao huonekana wiki 8 hadi 11 baada ya kuambukizwa, na kwa baadhi ya wanaoishi na VVU huchelewa zaidi ya hapo. Wewe ulipimwa kama wiki nne au tano baada ya Krismasi. Mstari mmoja katika wakati huo haumaanishi kwamba huna ugonjwa. Unamaanisha kwamba mwili haujapata nafasi ya kusema lolote. Kipimo unachohitaji ni kile kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe, ambacho huitwa kipimo cha RNA cha homa ya ini ya C, na hicho huweza kumkamata mdudu ndani ya wiki moja au mbili tangu kuingia. Katika maabara nyingi zetu hufanyika kwa mashine ileile ya GeneXpert inayopima makohozi ya kifua kikuu, ila katriji yake ni tofauti na sampuli ni damu ya mshipani. Uliza moja kwa moja kama katriji hiyo ipo, kwa sababu unaweza kuikuta mashine ikifanya kazi tangu asubuhi na katriji ya homa ya ini haipo.

ALT kupanda kutoka 31 hadi 238 kwa mtu asiyekunywa pombe, na ambaye mwenziwe amekutwa na kirusi hicho, ni dalili nzito. Kwa mtu aliyeambukizwa karibuni, mara nyingi hakuna dalili nyingine yoyote: macho hayageuki manjano, mkojo hauwi mweusi, na uchovu kila mtu anao. Watu wanane hivi kati ya kumi hawahisi kitu. Ndiyo maana ALT hiyo ilipaswa kufuatiliwa kwa maswali mengi kuliko lile moja la chang'aa, na kwa hilo, kama mtu wa kazi hiyohiyo, ninakuomba radhi.

Sasa swali la ngono. Vitabu ulivyosoma havikudanganya, ila viliandikwa vikiwatazama watu wengine. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1989, na kwa muda mrefu wagonjwa waliochunguzwa walikuwa waliojidunga, walioongezewa damu isiyopimwa, na wenzi wao wa ndoa. Mwaka 2013 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanandoa 500, mume na mke, ambao mmoja wao alikuwa na homa ya ini ya C, na ikakadiriwa kwamba maambukizi hutokea mara moja katika takriban matendo ya ndoa 190,000. Kwa wanandoa wa namna hiyo, wasio na VVU, daktari anayesema kwamba ugonjwa huu si wa ngono hayuko mbali na ukweli.

Lakini kuanzia miaka ya 2000, madaktari wa London, Paris, Amsterdam, na baadaye New York na miji mingine, walianza kukutana na jambo ambalo hawakulitarajia. Wanaume wanaoishi na VVU, wanaoshiriki ngono na wanaume wenzao, wasiowahi kushika sindano maishani, walikuwa wakikutwa na maambukizi mapya ya kirusi hiki. Virusi vyao vilipolinganishwa, ikaonekana kwamba vinafanana kama ndugu wa ukoo mmoja, na kwamba ukoo huo umevuka mipaka ya nchi. Nchini Uswisi, ambako wagonjwa wa VVU wamefuatiliwa kwa miaka mingi, kasi ya maambukizi mapya miongoni mwa wanaume hao iliongezeka mara 18 kati ya mwaka 1998 na 2011, huku ikipungua miongoni mwa waliojidunga.

Sababu ni kadhaa na hushikana. Ngozi ya ndani ya njia ya haja kubwa ni laini na huchubuka kwa urahisi, na damu inayotoka huweza kuwa kidogo mno hata isionekane kwenye shuka. Kirusi kimepatikana katika shahawa na katika majimaji ya njia hiyo ya haja kubwa. Ngono inayochukua muda mrefu, inayohusisha zaidi ya watu wawili, inayotumia mikono au vifaa vinavyopokezanwa, au inayofanywa watu wakiwa wametumia dawa za kulevya kiasi cha kutosikia maumivu, huongeza michubuko. Kaswende ikiwa na kidonda huacha mlango wazi. Nitataja na kitu ambacho wengi hawakifikirii: kopo la mafuta ya kulainisha linalochovywa na mikono ya watu wengi huweza kubeba damu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kirusi hiki ni sugu, majaribio ya maabara yamekikuta kikiwa hai ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Mwisho, VVU vyenyewe huharibu kinga ya utumbo mapema sana, kabla hata mtu hajaanza dawa, na sehemu ya kinga hiyo huenda isirudi kikamilifu.

Hesabu mliyoipiga wewe na rafiki yako ndiyo waliyoipiga wanaume wengi wa Ulaya baada ya dawa za VVU za mwaka 1996 kurudisha matumaini: sote tuna VVU, basi mipira ya nini? Hesabu hiyo kuhusu VVU ni sahihi, na ninataka uishike hivyo. Mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenziwe VVU kwa ngono, na homa ya ini haiondoi ukweli huo. Kilichokosekana ni kwamba hesabu ilihusu kirusi kimoja tu.

Kuhusu dawa zako, tenofoviri na lamivudini hukandamiza VVU na hukandamiza pia homa ya ini aina ya B, lakini kwa kirusi cha C hazina nguvu yoyote. Dawa ya PrEP, ile ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, nayo ni hivyohivyo. Chanjo ya aina ya C haipo. Ya B ipo, na kwa kuwa Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2001, mtu wa umri wako hakuipata utotoni. Omba upimwe B, na kama huna, uchanjwe.

Mama wa Kakamega

Nimesoma kwa makini na ninaomba kuuliza, Daktari, kama nafasi ipo. Mume wangu anaishi na VVU na anameza dawa vizuri, nami hupimwa kila mwaka na sina. Je, mke kama mimi anahitaji kupimwa homa ya ini ya C, au habari hii ni ya wanaume tu?

Tabibu wa Nakuru

Mama, kwa ngono ya kawaida ya mume na mke uwezekano ni mdogo sana, kama nilivyoeleza hapo juu, ingawa VVU kwa mmoja wao huongeza hatari kidogo. Anayehitaji kupimwa kwanza ni mume wako, kwa kuwa kila anayeishi na VVU anastahili kupimwa homa ya ini ya B na ya C angalau mara moja. Akikutwa nayo, nawe upimwe. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake, kwa sababu nyumbani damu hupitia huko zaidi.

Aliyepona, Eldoret

Ndugu wa Nyalenda, mimi nimepita njia unayoipita. Nina miaka 44, nimeishi na VVU kwa miaka kumi na minane, na homa ya ini ya C niliitibu nikapona. Nimesita kuandika, lakini nimeona hakuna mtu mwingine hapa atakayekueleza upande huu.

Kilichonichelewesha si kukosa dawa, ni maneno. Katika kituo kimoja nilichokwenda, ambacho sitakitaja, mhudumu aliniuliza mbele ya mlango ulio wazi kama nimewahi kujidunga, nikasema sijawahi. Akauliza kama nimeongezewa damu, nikasema hapana. Kisha akanyamaza, na katika kunyamaza kwake mimi nikaona kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai, kile kinachotumika kuharamisha ngono ya wanaume kwa wanaume, kimesimama kati yetu kama ukuta. Ilikuwa mwaka 2019, miezi michache tu baada ya Mahakama Kuu kukataa kukibatilisha kifungu hicho. Nilichukua kofia yangu nikaondoka bila kupimwa, na nikakaa miezi saba nikiwa na kirusi hicho damuni.

Baadaye nilikutana na muuguzi aliyekuwa na njia tofauti kabisa. Alifunga mlango, akakaa upande uleule wa meza nilioketi mimi, akasema, "Kaka, nitakuuliza maswali ninayomwuliza kila mwanamume, na unaweza kujibu ndiyo au hapana tu." Swali lake lilikuwa kama nimewahi kushiriki ngono ya njia ya nyuma. Nikasema ndiyo. Hakuuliza na nani. Aliandika kipimo, akanielekeza maabara, kazi ikaisha kwa dakika kumi. Ninakueleza hivyo ili ujue kwamba huhitaji kutaja jina la mtu wala kueleza maisha yako yote. Unaweza kuingia na kusema: "Nimekutana kimwili na mtu mwenye homa ya ini ya C, ALT yangu imepanda, ninaomba kipimo cha RNA." Sentensi hiyo inatosha. Tena Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza mhudumu kutangaza majibu au hali yako bila idhini yako.

Matibabu yenyewe yalikuwa kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12, mchanganyiko wa sofosbuviri na velpatasviri. Nilikuwa nimesikia habari za zamani za sindano za interferoni zilizowalaza watu kitandani mwaka mzima, nikajiandaa kwa mateso. Sikuteseka. Kichwa kiliuma wiki ya kwanza, basi. Nilikiweka kidonge hicho kando ya kile cha VVU kwenye kisahani cha kikombe, nikavimeza pamoja saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari. Jambo moja lilinikosesha raha: nilikuwa nikitumia dawa za kiungulia, na daktari alinikataza, kwa kuwa velpatasviri huhitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini.

Kuna jambo ambalo ningependa ulijue mapema, kwa kuwa mimi hakuna aliyeniambia. Baada ya kupona, kingamwili hubaki damuni, pengine maisha yote. Mwaka mmoja baada ya kutibiwa nilipimwa kwa kile kipimo cha kidole katika kambi ya afya, mistari ikatoka miwili, na kijana aliyenipima akaniambia kwa huruma kwamba bado ninaugua. Usiku ule sikulala. Kesho yake nilirudi kwa daktari wangu, akanionyesha kwamba RNA haionekani, na kwamba ile mistari miwili ni kovu tu. Tangu siku hiyo karatasi zangu mbili za RNA, ya kabla na ya baada, huziweka katika bahasha ya plastiki pamoja na kitambulisho, na popote ninapopimwa huzitoa.

Na kovu hilo si ngao. Unaweza kuambukizwa tena, hata mara tatu. Rafiki yangu wa karibu alipona, akarudi katika mazingira yaleyale, na mwaka uliofuata akakutwa nayo tena.

Mzee wa Luanda

Wanangu, poleni. Sisi huku Vihiga tumetibu maini kwa mizizi tangu enzi za babu zetu. Ningemshauri huyu kijana anywe maji ya mwarubaini na shubiri asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja kabla ya kukimbilia vipimo vya gharama. Wako waliopona.

Tabibu wa Nakuru

Shikamoo Mzee wangu. Ninaheshimu uliyoyaona, na ninaamini kwamba wapo waliokunywa wakapona, kwa sababu takriban mtu mmoja kati ya wanne wanaoambukizwa kirusi hiki hukiondoa wenyewe bila dawa yoyote katika miezi sita ya kwanza. Ambaye amekunywa mizizi katika miezi hiyo atasema ni mizizi, na hatuwezi kumlaumu. Tatizo ni wale watatu waliobaki. Kirusi hukaa kimya ndani yao kwa miaka ishirini, kikiliacha ini na makovu, na wenye VVU huharibikiwa upesi zaidi na ni wachache zaidi miongoni mwao wanaokiondoa wenyewe.

Kwa ini ambalo ALT yake imefika 238, ninaomba kijana asiongeze chochote ambacho ini litalazimika kukichuja: mizizi, pombe, au dawa za maumivu zinazonunuliwa ovyo dukani. Hata mahindi yaliyoota ukungu ayaepuke. Tunakumbuka mwaka 2004 watu 125 walivyofariki Ukambani kwa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo hushambulia ini moja kwa moja.

Nimwongezee Ndugu wa Nyalenda jambo ambalo daktari wake anapaswa kulichunguza sambamba. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria huweza kuwa na kichocho cha tumbo, ambacho nacho hushika ini, ingawa kwa kawaida hakipandishi ALT kwa kasi namna hii. Kama amemeza isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu hivi karibuni, aseme, maana hiyo hupandisha ALT. Homa ya ini ya A na ya B zipimwe, na kaswende pia, kwa kuwa kaswende na homa ya ini ya C husafiri pamoja miongoni mwa watu ninaowazungumzia. Ukienda Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu wanaiita Russia, unaweza kuulizia vipimo hivi vyote chini ya paa moja badala ya kuzunguka.

Mkazi wa Nyalenda

Wapendwa, nimerudi baada ya siku kumi na tisa.

Nilifanya kama Kaka wa Eldoret alivyonifundisha. Niliikariri ile sentensi njiani kutoka Nyalenda, nikaisema bila kusimama, na daktari aliyenisikiliza hakuinua hata nyusi. Alinichukua damu mshipani, chupa mbili, akaniuliza kama nimewahi kumeza isoniazidi, nikamwambia nilimaliza miaka mingi iliyopita. Jana nimepata majibu. Kirusi cha C kimeonekana. Homa ya ini ya B sina. Kaswende ninayo, na nimedungwa penisilini siku hiyohiyo. Sikuwa na kidonda chochote nilichokijua.

Nilipotoka nje niliketi kwenye ubao chini ya mti karibu na lango, mahali wanapouzia ndizi, nikajikuta ninatetemeka mikono, kisha nikajikuta ninashukuru kwamba sasa najua. Rafiki yangu wa Berlin nimemwandikia. Yeye ameshaanza dawa. Aliomba msamaha, nikamwambia kwamba aliyenifanya nipimwe ni yeye, na kama angenyamaza mimi ningekuwa bado ninapunguza pombe ambayo sinywi.

Daktari amesema tuonane baada ya wiki tatu apime tena RNA kabla ya kuanza dawa. Nimebaki na wasiwasi wa kusubiri, na wa gharama. Je, kusubiri huko ni sawa?

Tabibu wa Nakuru

Ahsante kwa kurudi, na hongera kwa ujasiri wako. Nimefurahi mno kusoma habari ya daktari aliyekusikiliza.

Kusubiri wiki chache si uzembe. Baadhi ya miongozo humtazama mgonjwa aliyeambukizwa karibuni kwa wiki nne, na kama kirusi hakijaporomoka kwa kiasi kikubwa, humwanzishia dawa; mingine humwanzishia mara moja bila kungoja. Mimi, kama mwenzi wako angekuwa bado yuko Kisumu, ningependelea kuanza mapema, kwa sababu kumtibu mtu mmoja ni kuwakinga wengine. Nchini Uholanzi, dawa hizi zilipofunguliwa kwa wagonjwa wote mwaka 2015, maambukizi mapya miongoni mwa wanaume wanaoishi na VVU yalipungua kwa takriban nusu kufikia mwaka 2016. Kwa hali yako, subiri kama ulivyoagizwa, ila usikubali tarehe hiyo isogezwe bila sababu. Ukipewa tarehe nyingine, uliza kwa nini.

Kuhusu dawa, mchanganyiko wa sofosbuviri na velpatasviri, au wa sofosbuviri na daklatasviri, hutibu aina zote za kirusi hiki, kwa hiyo asije mtu akakucheleweshea matibabu kwa kipimo cha gharama cha kutambua aina yake. Wanaopona ni zaidi ya 95 katika kila 100, na wenye VVU hupona sawa na wengine. Dolutegraviri unayomeza haigombani na dawa hizi. Ungekuwa kwenye efavirenzi ya zamani, tungelazimika kupanga upya. Kwa kuwa velpatasviri huongeza kiwango cha tenofoviri mwilini, figo zako zipimwe kabla ya kuanza na katikati ya matibabu. Jambo la kuwa huna B ni jema mara mbili: wenye B hufuatiliwa kwa karibu, kwani C inapoondoka B huweza kuamka. Anza chanjo ya B sasa, hata kabla ya dawa ya C.

Gharama ninaielewa. Uliza katika hospitali ya rufaa kama kuna mpango wa dawa zisizo za chapa, yaani nakala za bei nafuu, na mwambie mshauri wa CCC, kliniki yako ya VVU, akuandikie barua, kwa sababu barua hufungua milango ambayo mgonjwa peke yake huikuta imefungwa. Bei hizi si amri ya mbinguni. Misri, iliyokuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huu kuliko nchi nyingi duniani, ilitengeneza dawa zake yenyewe, ikapima mamilioni ya watu, na mwaka 2023 ikawa nchi ya kwanza kupewa na Shirika la Afya Duniani hadhi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza. Kinachowezekana Kairo hakipaswi kumshinda mtu wa Kisumu.

Mpaka utakapopona, tumia mipira kila mara, na vilainishi vya maji. Mafuta ya mgando hupasua mpira. Kila mtu awe na kopo lake, na usikubali kutumia la pamoja. Wembe wako usimwazime mtu, na kinyozi umwombe wembe mpya au umpelekee wako. Ukimaliza wiki 12, hesabu wiki nyingine 12, kisha upimwe RNA. Hapo ndipo tutasema umepona. Baadaye pima ALT na RNA angalau mara moja kwa mwaka, na ukipata mwenzi mpya usingoje mwaka uishe.

Aliyepona, Eldoret

Kaka, nimesoma hadi mwisho. Siku utakayochukua dawa, waombe wakuandikie majina yake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na karatasi ile ya RNA ya sasa, iliyosema kirusi kimeonekana, usiitupe hata kama inakuuma kuitazama. Utaihitaji siku utakapopata ya pili.

Mkazi wa Nyalenda

Nimeshanunua bahasha ya plastiki leo pale Kibuye. Nitawaarifu baada ya wiki tatu.